Muulize Kapteni: Maswali 340 na Mstari Mmoja wa Logibuku

Mwezi huu barua karibu zote ni za usaili. Nahisi kuna kampuni inaajiri na hakuna aliyeniambia. Nimechagua tano. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni rubani mstaafu, naishi Entebbe, mtoto wa kambi ya polisi Jinja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya ugomvi wa bombani. Kwenye usaili nimekaa upande wa kuulizwa mara nne, na upande wa kuuliza miaka kumi na mmoja, hadi nilipotimiza miaka 65 na kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zikanishusha kwenye kiti. Majibu ni yangu, na lawama zake pia.

*Shikamoo Kapteni. Nina leseni ya urubani wa biashara, kibali cha kuruka kwa vyombo na saa 214 za kuruka. Nimeitwa kwenye usaili wa urubani msaidizi, zimebaki wiki tatu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna faili la maswali 340 na majibu yake. Siwezi kuyakariri yote. Niyashike yapi?*
Kijana, Soroti

Marahaba, mwanangu, na hongera ya kuitwa. Wenzako wengi bado wanangoja simu.

Faili hilo ninalo. Nimetumiwa na watu watatu tofauti, na mmoja wao wakati huo alikuwa kwenye jopo la usaili. Jibu namba 17 lina kosa: linasema V2 ni kasi ya kuinua pua ya ndege. Kasi ya kuinua pua ni VR. V2 ni ile inayokuwezesha kupanda salama hata kama injini moja imekufa. Kila mwaka vijana walituletea kosa hilo hilo, neno kwa neno, na sisi tulikuwa tunatazamana tu.

Basi faili liache lilale kidogo. Kwanza toa logibuku yako. Siku ya usaili jopo litakuwa na karatasi zako za aina mbili mezani. Ya kwanza ni barua ya maombi, ambayo pengine binamu yako wa Kampala ndiye aliyeiandika. Ya pili ni logibuku, uliyoijaza kwa mkono wako, safari kwa safari. Ungekuwa wewe, ungeuliza kutoka wapi?

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa 1986. Nilikuwa nimemaliza shule ya urubani hapo hapo Soroti, ile iliyofunguliwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Nilivaa suti ya kaka yangu, mikono inafika kwenye vidole. Jopo la watu watatu. Aliyekaa kushoto alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa waya upande wa sikio moja. Hakuniuliza V1, ile kasi ya mwisho ya kuamua kusimama, hakuniuliza mbawa hubebaje ndege. Alilamba kidole, akafungua logibuku yangu katikati, akateremsha kidole hicho polepole mpaka kikasimama.

"Januari. Soroti, Gulu, Soroti, peke yako. Saa mbili na dakika ishirini na tano. Kwenye maoni umeandika 'hali ya hewa'. Ilikuwaje?"

Hadithi nilikuwa nayo tayari. Darasa zima tulikuwa nayo. Nilikutana na wingu la radi, nikaliacha mbali, nikalizunguka, nikarudi salama, nikajifunza subira. Niliimwaga yote. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu asubuhi, mzee."

"Radi. Lango. Januari. Saa tatu asubuhi." Wala hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayesoma bei ya kitu asichotaka kununua.

Kwa msomaji asiyejua: Lango ni eneo la Lira, na Januari kule kaskazini ni kiangazi kikavu. Na hata mvua zikiwepo, radi za nchi kavu hungoja jua lichemshe ardhi kwanza. Hujengeka mchana na kupiga alasiri. Huku kwetu ziwani ni kinyume. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote ukakutana katikati ya Ziwa Victoria, mawingu yakapanda juu ya maji, na alfajiri ndipo Entebbe inaponyeshewa. Mzee yule alikuwa na mambo hayo kichwani kabla mimi sijazaliwa.

Ukweli ulikuwa moshi. Kiangazi watu huchoma nyasi, na asubuhi ile moshi ulikuwa umelala chini kama blanketi. Kutazama chini moja kwa moja nilikuwa naona, kutazama mbele nilikuwa naona weupe mtupu. Nilipotea. Muda niliopanga kuiona Lira ulipita, Lira haipo. Nikageuza ndege kwa upole, nikakaza macho, mara nikaona uzi wa kahawia umenyooka kuliko njia yoyote ya ng'ombe. Reli! Ile inayotoka Tororo, ikapita Mbale, Soroti, Lira na Gulu hadi Pakwach. Niliishika kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni, sikuiachia mpaka Gulu, na kurudi nikarudi nayo. Kisha nikaandika "hali ya hewa", kwa sababu niliona aibu. Rubani mzima anafuata reli!

Kazi sikupata. Mzee alitoka nje kuvuta sigara nilipokuwa nangoja basi. Akaniuliza bila kunitazama, "Ulifuata reli, sivyo?" Nikaitika. "Sisi sote tumeifuata," akasema. "Ungesema."

Kwa hiyo wiki ya kwanza kati ya hizo tatu, kaa na logibuku na daftari. Pitia kila ukurasa. Tafuta safari iliyochukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Tafuta miezi uliyokaa bila kuruka, maana watauliza kwa nini, na "ada ilikwisha, baba akauza ng'ombe wawili, nikarudi" ni jibu zuri kabisa. Tafuta jaribio ulilofeli na siku ulipobadilishiwa mwalimu. Andika upepo ulikuwaje, uliona nini, uliamua nini, leo ungefanya nini tofauti. Utapata safari sita au saba zenye nyama. Hizo zitajibu maswali thelathini ya faili lako: uamuzi mgumu, kosa ulilofanya, ulipotofautiana na mtu, uliposhinikizwa uruke wakati moyo hautaki. Yote ni swali moja limebadilishiwa shati.

Ya kiufundi sasa. Hayo ndiyo ya kusoma, lakini yasome kwa viwanja unavyovijua. Nilipenda kuuliza hivi: "Kwa nini ndege ile ile yenye uzito ule ule hukimbia masafa marefu zaidi kupaa Entebbe kuliko Mombasa?" Tisa kati ya kumi walijibu "kwa sababu ya mwinuko" wakanyamaza. Sawa, lakini kokotoa basi! Entebbe iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kitabuni huanza nyuzi 15 pwani na kupoa nyuzi 2 kila futi 1,000, kwa hiyo Entebbe ingepaswa kuwa kama nyuzi 7. Mchana tuna 27. Hiyo ni ziada ya 20. Kila nyuzi moja ya ziada ihesabu futi 120, unapata 2,400, jumlisha na mwinuko. Bawa na injini zinajiona ziko futi 6,200 hivi. Hewa ni nyepesi, bawa linadai kasi kubwa zaidi ndipo libebe, injini nayo inatoa nguvu pungufu. Bahati yetu njia kubwa ya kurukia ina mita 3,658. Kijana aliyenifanyia hesabu hiyo kwa sauti, akakosea kujumlisha, akajisahihisha mwenyewe, nilimpa alama kamili.

Hesabu za kichwani zifanyie kwenye taksi. Sitanii. Kutoka Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40, na kwa foleni ya barabara ile utafanya mazoezi hadi uchoke. Uko futi 35,000, unatakiwa futi 5,000: za kushuka ni 30,000, kila elfu zidisha kwa tatu, anza kushuka zikiwa zimebaki maili 90 za majini, ongeza chache za kupunguza kasi. Kasi yako juu ya ardhi ni mafundo 420, yaani maili za majini kwa saa: zidisha kwa tano, shuka futi 2,100 kwa dakika. Upepo unatoka nyuzi 200 kwa mafundo 20, unatua njia ya 17, yaani inayoelekea nyuzi 170: tofauti ni nyuzi 30, chukua nusu, upepo wa pembeni ni mafundo 10. Konda akikuuliza unanong'ona nini, mwambie.

Swali la V1 litakuja, na kwetu huja na kalooli, yule korongo mkubwa wa majalalani. Ndege kugonga ndege, Kiswahili chetu hakijatusaidia hapo. Jopo litasema: mnakimbia kupaa, V1 ni mafundo 128, mko 120, kalooli mmoja anaingia injini ya kulia, mlio mkubwa, ndege inavuta kulia. Unafanya nini? Vijana hurukia "nasimamisha ndege!" Polepole. Ni kweli kabla ya V1 injini ikifa mnasimama, na baada ya V1 mnaondoka nayo angani, kwa kuwa barabara iliyobaki haitoshi kusimama. Lakini umeomba kazi ya urubani msaidizi. Kwenye kampuni nyingi uamuzi wa kusimamisha ni wa kapteni peke yake. Kazi yako ni kutamka unachokiona, kwa sauti, kwa neno sahihi, bila hotuba. Mtego uko hapo, na fizikia ni kisingizio.

La kifaa cha kuzuia ndege kugongana ni fupi: mnara unasema shuka, kifaa kinasema panda, unafuata kifaa. Ukiulizwa kwa nini, taja Überlingen, Ujerumani, 2002: ndege mbili ziligongana, moja ikifuata mnara badala ya kifaa, wakafa watu 71.

Swali ambalo wengi wanalichukulia jepesi ni la kapteni. "Ukungu. Mmekaribia kutua mara mbili, hamkuona njia, mmepaa tena. Kapteni anataka ya tatu. Unasema nini?" Nilipouliza hili nilikuwa nakumbuka Roma. Tarehe 17 Oktoba 1988 Boeing 707 ya shirika letu la zamani, ikitoka London kuja nyumbani, ilijaribu kutua Fiumicino kwenye ukungu mara mbili, na ya tatu ikaanguka. Kati ya watu 52 walikufa 33. Uchunguzi ulisema marubani hawakujiandaa vya kutosha kwa ukaribiaji ule, hawakutajiana futi walizofika, na waliendelea kushuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa bila kuiona njia. Nilikuwa rubani msaidizi mpya mwaka huo. Tulisikia redioni, na wazee kazini hawakuzungumza siku nzima.

Kwa hiyo usijibu "nitamheshimu kapteni", wala usijibu "nitamnyang'anya usukani". Jibu kwa ngazi. Unauliza kwanza: kapteni, mafuta yanatosha kwenda uwanja wa akiba baada ya hii? Kisha unapendekeza: naona twende Kigali. Kisha unasema wazi: sijaridhika na hili. Mkikubaliana kujaribu, unataja futi kwa sauti moja baada ya nyingine, na mkifika kiwango cha chini bila taa za njia unasema "paa", kwa neno lililo kwenye taratibu za kampuni. Akiendelea kushuka, hapo ndipo mikono inaingia. Sisi tumelelewa kutomkatiza mzee akizungumza, jambo jema sebuleni. Jopo linataka kujua kama unaweza kuliacha mlangoni.

Simyuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, nitaipitia haraka kwa sababu nafasi inakwisha. Hawatarajii uruke kama mwenye saa 5,000. Watakusahihisha mara moja makusudi, waone unaichukuaje. Chukua, rekebisha, endelea. Usieleze.

Na uijue kampuni. Kama ni shirika la taifa, lilirudi angani Agosti 2019 na CRJ900 za Bombardier, injini ziko nyuma karibu na mkia. Airbus A330-800 zilifuata, injini chini ya mbawa. Tuliwahi kuwa na mwombaji aliyesifia "Boeing zenu". Hatukuwa na Boeing hata moja.

*Kapteni, nilifeli mtihani wa hali ya hewa mara mbili, nikaupita mara ya tatu. Nikiulizwa udhaifu wangu nilitaje hilo au niseme mimi ni mtu wa kujituma kupita kiasi? Tena kwenye usaili uliopita niliulizwa nitaolewa lini.*
Binti, Gulu

Binti yangu, "najituma kupita kiasi" ni udhaifu wa watu wote waliosoma ukurasa mmoja. Tulikuwa tunahesabu. Siku moja tulipata sita kabla ya chakula cha mchana.

Taja mtihani. Tena utaje kabla hawajaufikia, maana karatasi wanayo. Sema: nilifeli mara mbili kwa sababu nilikuwa nakariri maswali ya zamani, mara ya tatu nilianza kuchora ramani ya upepo kila asubuhi na kuilinganisha na nilichokiona nje. Kama ulifanya kitu kingine, taja hicho. Halafu jiandae, kwa kuwa mtu wa pili mezani atakuuliza hali ya hewa papo hapo. Kwa nini ukungu wa alfajiri hukaa bondeni? Kwa nini barafu huganda kwenye ndege ilhali tuko ikweta? (Ikweta iko chini, binti. Futi 18,000 juu ya Masaka ni baridi chini ya sifuri.) Ukijibu hayo kwa utulivu, mtihani uliofeli umekuwa sifa.

Swali la ndoa linanikera. Sheria yetu ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini, na swali hilo wanaume hawaulizwi. Niliwahi kulisikia kwenye jopo nililokaa. Nilinyamaza, na nimejuta. Aliyeulizwa alijibu hivi, nakupa kama alivyosema: "Ratiba nitakayopewa nitairuka. Kuna swali jingine kuhusu ratiba?" Kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono mapajani. Mwuliza swali akaanza kutafuta kalamu yake. Jibu kama hilo linakutoa hapo bila kupigana, na bila kuwaambia mambo ya kwenu. Ukitaka kulalamika, lalamika kwa maandishi baada ya usaili, ukiwa na tarehe na maneno yaliyosemwa.

Na swali la "kwa nini ulitaka urubani?" nalo litakuja. Usilete ya mtoto wa miaka mitano aliyeona ndege ikipita. Wote mliiona. Sema ulifanya nini baada ya kuiona.

*Ndugu Kapteni, kijana wangu ana usaili. Kuna bwana anasema yuko karibu na jopo, anataka shilingi milioni nane ili jina lipite. Shamba lilishauzwa kwa ajili ya ada. Nifanyeje?*
Mzazi, Mbale

Mzee mwenzangu, usitoe hata nauli yake.

Nitakueleza biashara hiyo inavyokwenda, maana nimeiona kwa karibu. Bwana huyo huchukua pesa za watu kumi. Hamwambii mtu yeyote wa jopo jambo lolote. Katika kumi, wawili au watatu watapita kwa akili zao wenyewe, na wazazi wao watamsifu mji mzima. Waliobaki anawaambia "safari hii kulikuwa na mkubwa aliyeingilia", anarudisha milioni moja ili wanyamaze, nyingine anakula. Mara mbili nilikuta jina langu linauzwa hivyo Kampala. Niliyekuwa nauzwa sikuwa na habari.

Sisemi nchi yetu haina kujuana. Ipo, na wewe na mimi tunaijua. Lakini mwenye kujuana kweli hamtafuti mkulima wa Mbale kwa simu. Milioni nane hizo, kama unazo, mnunulie kijana saa chache za simyuleta kabla ya siku yake, na nyingine zirudishe nyumbani.

*Kapteni, mimi nimesomea Bunia kwa Kifaransa, sasa niko Kasese, Kiswahili ndicho lugha yangu. Kiingereza changu kina lafudhi. Watanikataa?*
Msomaji, Kasese

Lafudhi si kosa, bwana. Kipimo cha ICAO kina ngazi 6, na ya kufanyia kazi ni ya 4. Hapo hairuhusiwi tu lafudhi ikuzuie kueleweka mara kwa mara. Kusikika umetoka wapi hakuna tatizo. Ngazi ya 4 hurudiwa kila miaka 3, ya 5 kila miaka 6, ya 6 hairudiwi.

Pasipo na maneno ya kawaida ya redio ndipo watu wanapoanguka. Kuomba kibali cha kupaa kila mtu anajua. Sasa eleza kwa Kiingereza chepesi, sekunde ishirini: kuna mbuzi watatu kwenye njia, nitazunguka mara moja, kuna abiria mgonjwa, naomba gari la wagonjwa. Jifanyie vituko vya namna hiyo kila siku, jirekodi kwenye simu, usikilize. Kiswahili chako cha Bunia kina mwendo wa haraka, punguza.

Na saa! Sisi tuna saa zetu, Wazungu wana zao, angani tunatumia ya Greenwich. Saa tatu asubuhi ya mama yangu ni 9:00 ya ofisini na ni 6:00 kwenye redio. Kwenye usaili nilimwona mtu mwerevu akichanganya zote tatu katika sentensi moja, akafika kabla hajaondoka. Ukitaja muda, taja ni wa wapi.

*Mzee, nivae sare ya rubani au suti?*
Mwenye haraka, Kajjansi

Suti. Viatu vyeusi, vipige kiwi usiku wa kuamkia, si kwenye boda. Tai fupi ya rangi moja. Mistari ya mabegani iache nyumbani, hujaajiriwa bado.

Kijana mmoja alitujia na shati jeupe, mistari mitatu kila bega, inang'aa. Kapteni mwenzangu, mtu asiyecheka, akamwuliza hiyo mistari mitatu amepewa na nani.

"Fundi cherehani wa Owino," akasema. "Alikuwa ameishiwa mbili."

Tulimchukua.